Je, wajua kwa nini upepo hauwezi kulirudisha dirisha la kuzungusha hendeli?

Dirisha la bawaba linalofunguka kwa nje lina kero moja ya tangu zamani: ukishalisukuma, liko huru. Upepo ukija unalibamiza ukutani, au unalifunga kwa kishindo na kioo kinapasuka. Dawa ya kawaida ni ndoana, au fimbo ya chuma yenye matundu inayokaa kwenye pini. Unachagua tundu, unachomeka, dirisha linatulia. Shida ni kwamba kila ukitaka kulifungua zaidi au kulifunga lazima utoe mkono nje, na kama wavu wa kuzuia wadudu umefungwa kwa ndani, mkono hauna pa kupita.

Ndipo linapokuja dirisha la kuzungusha. Kwenye kizingiti cha chini, upande wa ndani ya wavu, kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye hendeli. Unazungusha hendeli, dirisha linafunguka taratibu. Ukiacha kuzungusha linasimama palepale, liwe limefunguka kidogo au limefunguka lote. Hakuna pini ya kuchomeka wala breki ya kukaza. Upepo utalisukuma upendavyo na hendeli haitageuka, lakini mtoto anaweza kulifunga kwa mkono mmoja. Mashine nyingi huenda pande zote mbili: ukisukuma huku, kule kunasogea, ukisukuma kule, huku kunasogea. Hii inakubali amri kutoka upande mmoja tu. Kwa nini?

Jibu limo ndani ya kisanduku, na vipande vyenyewe ni vichache mno. Hendeli imevaa kwenye ncha ya mhimili mfupi wa chuma. Mhimili huo, ukiingia ndani, umechongwa nyuzi kama za skrubu nene. Nyuzi hizo zimeshikana na meno ya gia iliyo ubavuni mwake. Gia yenyewe si duara zima, ni kipande tu, kwa sababu haina haja ya kuzunguka hadi mwisho. Inageuka kiasi cha kulitoa dirisha nje na kulirudisha, basi. Kwenye kipande hicho cha gia umeungwa wenzo, yaani chuma kirefu kinachotoka nje ya kisanduku. Ncha ya wenzo ina kigurudumu au kitelezi cha plastiki kinachokimbia ndani ya reli nyembamba, na reli hiyo imefungwa kwa skrubu chini ya ubawa wa dirisha, ile sehemu yenye kioo inayofunguka. Hendeli inazungusha skrubu, skrubu inasukuma meno, meno yanageuza wenzo, wenzo unasukuma ubawa.

Skrubu inayozungusha gurudumu la meno si jambo jipya. Wengi humtaja Archimedes kuwa ndiye aliyeibuni, na Heron wa Aleksandria, aliyeishi karne ya 1, aliieleza katika maandishi yake kuhusu vyombo vya kupimia na vya kunyanyulia mizigo. Kilichoongezwa baadaye ni mahali pa kuitumia.

Sasa tuitazame skrubu yenyewe kwa karibu, maana siri yote iko kwenye ulalo wa nyuzi zake. Ukiukunjua uzi mmoja wa skrubu na kuulaza, unapata mlima mrefu wenye mwinuko mdogo sana. Jino la gia limekaa juu ya mlima huo kama gunia lililowekwa kwenye njia ya mteremko. Njia ikiwa na mwinamo mkali, gunia linateleza lenyewe. Ikiwa na mwinamo mdogo, gunia linakaa tu, na ajabu ni kwamba hata ukiongeza gunia la pili na la tatu juu yake, bado halitelezi. Uzito unaongeza nguvu ya kulivuta chini, lakini unaongeza na msuguano kwa kiwango kilekile. Kinachoamua si uzito, ni pembe.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Chuma juu ya chuma chenye grisi kina msuguano wa kiasi cha moja ya kumi: ili ukiteleze juu ya chuma kingine unahitaji nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya ile inayokikandamiza. Msuguano wa kiwango hicho unalingana na mwinamo wa nyuzi 5.7 hivi za pembe. Mteremko ulio chini ya hapo hauwezi kuutelezesha mzigo, hata mzigo uwe mkubwa namna gani. Basi anayebuni kisanduku anahakikisha uzi wa skrubu yake umelala chini ya kiwango hicho. Tuchukue vipimo vya mfano: skrubu yenye unene wa milimita 12 ambayo uzi wake unasonga milimita 3 kwa kila mzunguko. Mwinamo wake unakuwa nyuzi 4.6 hivi za pembe. Jino likisukumwa na upepo linaugandamiza uzi, linaubana, lakini haliwezi kuufanya uzunguke. Ukizungusha hendeli wewe, hali ni nyingine kabisa: sasa ni mlima wenyewe unaosogea chini ya gunia, na gunia halina budi kupanda au kushuka.

Tuone hesabu zinatoka vipi kwenye dirisha la kawaida. Ubawa wenye upana wa sentimita 60 na urefu wa sentimita 120 ukipigwa moja kwa moja na upepo wa kilomita 72 kwa saa unasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 18. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Nguvu inafika kwenye ncha ya wenzo, na wenzo ukiwa na urefu wa sentimita 25 huku meno ya gia yakiwa sentimita 2 tu kutoka kwenye kitovu cha gia, kile kilichokuwa kilo 18 nje kinakuwa zaidi ya kilo 200 kwenye jino. Jino moja au mawili madogo yanabeba mzigo wa watu watatu. Na hendeli bado imetulia.

Upande wa mkono wako hesabu inageuka. Gia ya ukubwa huo ingekuwa na meno 40 kama ingekuwa duara zima, na kila mzunguko wa hendeli unasogeza jino moja tu. Kugeuza wenzo robo ya duara kunachukua mizunguko 10. Unazunguka sana ili dirisha lisogee kidogo, na malipo yake ni nguvu: hendeli yenye urefu wa sentimita 7 na nusu inahitaji kusukumwa kwa kilo 3 na ushee tu ili kuushinda upepo ule wa kilo 18.

Wasioipenda mashine hii husema inapoteza nguvu, na ni kweli. Kwa vipimo vya hapo juu, zaidi ya nusu ya kazi unayoifanya inaishia kwenye msuguano kati ya uzi na jino. Ila huwezi kuutoa upotevu huo ukabaki na faida. Skrubu inayojifunga yenyewe namna hii hupoteza karibu nusu au zaidi ya kazi wakati wa kuzungushwa, kwa sababu msuguano unaokupunguzia nguvu ndio uleule unaomzuia upepo. Kwa kitu kinachozungushwa mara chache kwa siku, mimi naona ni bei ndogo sana kulipa.

Utaelewa thamani yake ukilinganisha na kioo cha gari cha zamani, kile cha kuzungusha kwa mkono. Mlango wa gari hauna nafasi ya mizunguko mingi na dereva anataka kioo kipande haraka, kwa hiyo ndani yake kuna gia za kawaida zinazokubali kwenda pande zote mbili. Zikiachwa hivyo, kioo kingeshuka chenyewe kwa uzito wake na kwa mtikisiko wa barabara. Ndiyo maana nyuma ya hendeli ya gari pamefichwa springi iliyojikunja ndani ya kikombe cha chuma. Hendeli ikizungushwa, springi inajikaza na kuachana na kikombe. Kioo kikijaribu kushuka, springi inatanuka na kukishika kikombe kwa ndani. Inazuia vizuri, lakini ni kifaa cha ziada kinachoweza kuchoka. Gita, kwa upande mwingine, lina skrubu na gia kama za dirisha letu. Nyuzi zake zinavuta muda wote, na vipini vya kukazia havirudi nyuma, kwa sababu hiyohiyo ya mwinamo mdogo.

Jambo la pili ambalo watu hawalioni ni kazi ya ile reli. Wenzo unazunguka kwenye mhimili wake, ubawa unazunguka kwenye bawaba zake, na vituo hivyo viwili haviko mahali pamoja. Kama ncha ya wenzo ingefungwa moja kwa moja kwenye ubawa, dirisha lisingefunguka hata kidogo. Reli inairuhusu ncha kuteleza huku na huku njia nzima. Kwenye aina yenye wenzo mmoja, dirisha likiwa limefungwa ncha inakuwa mbali na bawaba, na kadiri linavyofunguka inasogea kuelekea bawaba. Hilo lina faida: mwisho wa kufunga, pale mpira wa kuzuia maji na vumbi unapotakiwa kubanwa, ndipo ncha inapokuwa na nguvu zaidi juu ya ubawa. Madirisha mapana huongezewa wenzo wa pili mfupi, ili ubawa uweze kutoka hadi kufanya pembe mraba na fremu. Na zipo bawaba zinazoteleza, zinazousogeza ubawa mbali na fremu ukiwa wazi, hivyo unaweza kupitisha mkono na kufuta kioo kwa nje ukiwa umesimama ndani.

Lakini wenzo unauvuta ubawa kwenye ukingo wake wa chini tu. Kona ya juu ya ubawa iko mbali nao, na ubawa mrefu unaweza kupinda kidogo na kuacha mwanya huko juu. Kwa hiyo kazi ya kulibana dirisha lote hadi juu si ya hendeli, ni ya komeo la pembeni, ambalo kwenye madirisha marefu hushika sehemu mbili au zaidi kwa pamoja. Zungusha mpaka ubawa uguse fremu, kisha shusha komeo. Anayeendelea kuikamua hendeli akitaka kumaliza mwanya wa juu anaumiza meno yaleyale kila siku, maana dirisha likifungwa ni meno hayo hayo ya mwisho yanayobeba mzigo. Ndiyo maana ukikifungua kisanduku kilichokufa, mara nyingi utakuta meno ya upande mmoja yamelika na ya upande wa pili yako kama mapya.

Kosa baya kuliko yote ni kuzungusha kwa nguvu wakati komeo bado limefungwa au ubawa umegandishwa na rangi. Kumbuka ile hesabu: kilo chache za mkono wako zinakuwa mamia ya kilo kwenye jino. Hendeli haikwambii kwamba kuna kitu kinakaribia kuvunjika. Unahisi ugumu kidogo tu, halafu ghafla inakuwa nyepesi na dirisha halisogei tena.

Hendeli ikizunguka bure, usikimbilie kununua kisanduku kipya. Chomoa hendeli kwanza na uitazame ndani ya tundu lake. Imetengenezwa kwa madini laini kuliko mhimili, na mara nyingi ni michirizi yake ya ndani iliyosagika. Hendeli mpya inamaliza tatizo. Kama ni ngumu badala ya kuwa nyepesi, kwenye reli kuna sehemu iliyotanuliwa ambayo kitelezi kinaweza kutokea. Fungua dirisha hadi kitelezi kifike hapo, kitoe huku umeushika ubawa vizuri, maana sasa uko huru, kisha usogeze kwa mkono. Ubawa ukikwama au ukiburura fremu, ugonjwa uko kwenye bawaba au ubawa umelala. Ubawa ukienda vizuri, zungusha hendeli peke yake: ikiwa ngumu hapo ndipo kisanduku kina kosa, na mara nyingi ni vumbi lililokaukiana na grisi ya zamani, au kutu ya maji ya mvua yanayotua kwenye kizingiti. Futa, safisha, paka grisi kidogo kwenye meno na reli.

Kisanduku kikihitaji kubadilishwa kweli, pima urefu wa wenzo kutoka katikati ya mhimili wake hadi katikati ya kitelezi, pima umbali kati ya matundu ya skrubu, na angalia bawaba ziko kushoto au kulia. Wenzo ukizidi urefu kidogo tu, kitelezi kitafika mwisho wa reli kabla ubawa haujafika kwenye fremu, na mkono wa mwenye nyumba utaendelea kukamua.