"Kuvunja kizuizi cha sauti": lile wingu jeupe si ushahidi

Kila yanapofanyika maonyesho ya ndege za kivita, picha ya aina ileile husambaa: ndege imevaa wingu jeupe kiunoni mithili ya sketi, na chini yake mtu ameandika kwamba hapo ndipo ilipovunja kizuizi cha sauti. Karibu kila mara maelezo hayo si kweli. Ndege ilikuwa bado haijafikia kasi ya sauti, na kama ingekuwa imeifikia pale uwanjani, watu wangejua kwa masikio kabla ya kuona picha yoyote.

Maana yenyewe ni fupi. Ndege hupita kasi ya sauti inapokwenda kwa mwendo mkubwa kuliko ule ambao sauti husafiri nao katika hewa iliyoizunguka wakati huo. Ukigawanya mwendo wa ndege kwa mwendo wa sauti unapata namba ya Mach, na ikiwa 1 miendo hiyo miwili iko sawa. Katika hewa yenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi, sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, sawa na kilomita 1,225 kwa saa. Kilomita 11 juu ya ardhi, ambako baridi hufika kama nyuzi 56 chini ya sifuri, mwendo huo hushuka hadi kama kilomita 1,060 kwa saa. Kwa hiyo Mach 1 si tarakimu ya kukariri, maana hupanda na kushuka pamoja na joto la hewa.

Kinacholeta shida ni neno kizuizi. Linamfanya msomaji aone ukuta angani, ndege inaugonga, unavunjika kwa kishindo, vumbi linatimka. Ukishakuwa na picha hiyo kichwani, wingu jeupe ni lile vumbi, na mshindo unaosikika ardhini ni sauti ya ukuta kuanguka. Yote mawili ni makosa, na chanzo chake kinajulikana.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Uingereza aitwaye W. F. Hilton, aliyekuwa akipima mabawa kwenye handaki la upepo, alimwonyesha mwandishi wa habari mchoro wa ukinzani wa hewa. Mstari wake ulikwenda taratibu, kisha karibu na kasi ya sauti ukapanda ghafla. Hilton akaeleza kwamba ukinzani unapanda kama kizuizi mbele ya anayetaka kuongeza mwendo. Alikuwa anafafanua umbo la mstari kwenye karatasi. Magazeti yaliposhika habari hiyo, neno "kama" lilianguka njiani, na "kizuizi cha sauti" kikawa kitu kilichopo.

Wakati huo tayari ilijulikana kwamba risasi hupita kasi ya sauti. Mwaka 1887 wanasayansi Ernst Mach na Peter Salcher walichapisha picha za risasi ikiwa angani, mawimbi yakionekana wazi yakianzia kwenye ncha yake na kutanuka kwenda nyuma. (Jina la namba ya Mach lilikuja baadaye, mwaka 1929, na aliyelitoa ni mhandisi wa Uswisi, Jakob Ackeret.) Waliounda ndege ya Bell X-1 waliipa kiwiliwili chenye umbo la risasi ya milimita 12.7, kwa sababu risasi hiyo ilijulikana kutulia ikiwa juu ya kasi ya sauti. Ndege iliyosifiwa kwa kuvunja kizuizi ilinakiliwa kutoka kwenye kitu kilichokuwa kikikipita kila siku.

Ugumu ulikuwepo, na ulikuwa wa kweli. Ndege inapokaribia Mach 1, hewa inayopita juu ya bawa lake huongeza mwendo na kuitangulia kasi ya sauti, ingawa ndege yenyewe iko chini ya kasi hiyo. Hapo mawimbi ya mshtuko, yaani kuta nyembamba ambamo mgandamizo wa hewa huruka ghafla, huanza kujengeka juu ya bawa, hewa iliyo nyuma yake huvurugika, ndege hutetemeka, na kile kipande cha nyuma ya mkia kinachoinua au kushusha pua hupoteza nguvu kwa sababu kinafanya kazi ndani ya hewa iliyovurugika. Ndiyo maana X-1 iliwekewa bawa la mkia linalozunguka lote kwa pamoja. Tarehe 14 Oktoba 1947 rubani wake, Chuck Yeager, alifika Mach 1.06 akiwa takriban mita 13,000 juu. Katika ripoti yake alieleza kwamba mshale wa kipimo cha Mach ulifika 1.02, ukasimama kidogo, kisha ukaruka hadi 1.06. Hakuna kilichovunjika. Na ukifuata ule mstari wa Hilton mbele zaidi, kigezo cha ukinzani hushuka tena baada ya kupita Mach 1. Ni kilima, na chombo chenye nguvu ya kutosha na umbo linalofaa hukipanda na kuteremka upande wa pili.

Sasa wingu. Hewa inapozunguka mgongo wa ndege na mabawa hutanuka, mgandamizo wake hushuka, na joto hushuka nao. Ikiwa hewa imejaa unyevu, mvuke wake hugeuka matone madogo papo hapo, na tunaona ukungu. Nyuma kidogo ya sehemu nene ya ndege kuna wimbi la mshtuko. Hewa ikilivuka, mgandamizo na joto hupanda ghafla na matone hukauka. Ndiyo maana ukingo wa nyuma wa wingu huonekana umekatwa kwa kisu, huku wa mbele ukififia polepole. Ukiitazama picha nzuri kwa karibu utaona hata sketi ya pili ndogo nyuma ya kioo cha chumba cha rubani, kwa sababu pale nako hewa inalazimika kupanda na kuteremka.

Haya yote hutokea vizuri kabisa ndege ikiwa Mach 0.9 na ushei. Kinachohitajika zaidi ni unyevu, ndiyo sababu picha nyingi za namna hii hupigwa juu ya bahari. Ile maarufu ya ndege ya F/A-18 Hornet iliyopigwa Julai 1999 juu ya Pasifiki ilisambazwa duniani kote kwa maelezo kwamba inaonyesha kizuizi kikivunjwa. Ni picha nzuri mno, lakini picha tuli haipimi mwendo. Katika hewa kavu ndege inaweza kwenda Mach 1.5 bila kuacha hata uzi wa ukungu, na katika hewa yenye unyevu hata ndege ya abiria inayotua, ikienda chini ya kilomita 300 kwa saa, hufuka ukungu juu ya mabawa.

Mshindo nao una kosa lake: watu wengi hudhani hulia mara moja tu, ndege inapovuka Mach 1. Mfikirie mtu aliyesimama ufukweni, boti ya kasi ikapita mbele yake. Boti inaburuta mawimbi yenye umbo la V safari nzima, lakini wimbi linampiga mtu huyo miguuni mara moja tu, linapomfikia. Ndege iliyo juu ya kasi ya sauti huburuta wimbi lake vivyo hivyo muda wote, na kila aliye chini husikia zamu yake. Ikiwa kilomita 9 juu, eneo linalofikiwa linaweza kuwa na upana wa kama kilomita 48, na urefu wake ni urefu wa safari. Mgandamizo huruka kwenye pua na tena kwenye mkia, kwa hiyo mishindo ni miwili. Kwa ndege ya kivita imepishana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio mara nyingi huhesabu mmoja. Ndege ikiwa juu sana na imezidi Mach 1 kidogo tu, wimbi hupindwa na hewa ya joto ya chini na huenda lisifike ardhini kabisa.

Ikiwa chini, mambo hubadilika. Agosti 1959, kwenye maonyesho ya kufungua jengo jipya la uwanja wa ndege wa Ottawa, ndege ya F-104 ilipita kasi ya sauti ikiwa takriban mita 150 tu kutoka ardhini. Vioo vya jengo vilipasuka, dari na fremu za milango zikaharibika, na ufunguzi ukaahirishwa hadi mwaka uliofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 marubani walikuwa wakipiga mbizi kutoka juu makusudi ili umati usikie mshindo. Hivyo ndivyo ilivyofanya ndege ya kivita ya DH.110 kwenye maonyesho ya Farnborough, Uingereza, tarehe 6 Septemba 1952, kabla ya kurudi mbele ya watazamaji na kukatika vipande ikiwa kwenye kona. Watu 29 waliokuwa chini walikufa, pamoja na wawili waliokuwa ndani yake. Baada ya hapo Uingereza ilikaza kanuni za umbali kati ya ndege na umati.

Siku hizi wanaoonyesha ndege mbele ya watu hukaa chini ya Mach 1. Blue Angels, kikundi cha maonyesho ya ndege cha Jeshi la Majini la Marekani, wana mapito ya kushtukiza ya kama kilomita 1,127 kwa saa. Katika hewa ya nyuzi 15 hiyo ni Mach 0.92, siku ya nyuzi 30 mwendo uleule ni Mach 0.90. Kwa nini basi watu huapa kwamba wamesikia mshindo? Piga hesabu. Ndege iliyo umbali wa kilomita moja inahitaji sekunde 3.2 kukufikia, na sauti iliyotoka hapohapo inahitaji sekunde 2.9. Unapewa onyo la robo sekunde hivi, kisha mngurumo wote unakuangukia kwa pamoja. Ndege ya kilomita 500 kwa saa ingekupa zaidi ya sekunde nne. Mngurumo huo hupanda, hukaa, kisha hufifia. Mshindo wenyewe ni pigo kavu kama mlango uliobamizwa, na umekwisha kabla hujageuza shingo.

Basi ukiiweka picha ile tena, andika "ukungu wa mgandamizo, ndege ikikaribia kasi ya sauti". Na kwa ndege iliyozidi Mach 1 kweli, Kiswahili tayari kina kitenzi kinachotosha: imeipita kasi ya sauti.