Tiba kwa kompyuta inafanya kazi, lakini hiyo si sababu ya kununua hisa

Nafanya kazi ya ushauri wa uwekezaji hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni walimu, wauguzi, wenye maduka ya vipuri, na wafanyabiashara wa dagaa na mabondo ya samaki pale Mwaloni, Kirumba. Siku hizi kila anayekuja ana habari ya kampuni fulani ya nje inayotibu sonona au wasiwasi kwa programu ya kompyuta. Mgonjwa anafungua simu, anapitia masomo na mazoezi ya kubadili fikra na tabia, hakuna daktari aliyekaa mbele yake. Mteja anataka kuweka akiba yake huko. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Ugomvi wangu ni sababu anazonipa, maana nimezisikia mpaka basi, na zimeshateketeza fedha za watu wengi huko huko masoko yalikoanzia.

"Imethibitishwa inatibu, na wagonjwa ni wengi. Lazima ipande."

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayeisema mara nyingi ni mtu makini. Hivi karibuni muuguzi mmoja aliniwekea simu mezani akiwa amejiandaa kabisa: idhini ya mamlaka ya dawa, matokeo ya majaribio, idadi ya watu duniani wenye sonona. Akaniambia, "Kaka, kila siku mnatuambia tufanye utafiti kwanza. Huu hapa." Na kweli alikuwa ameufanya, tena vizuri. Lakini alichochunguza ni tiba. Biashara hakuigusa. Katika kurasa zote alizonionyesha hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nani anatoa hela.

Dukani, anayetaka kitu ndiye anayelipa. Kwenye tiba, anayeumwa ni mmoja, anayeandika cheti ni mwingine, na anayelipa ni wa tatu: bima au serikali. Huyo wa tatu ndiye anayeamua kampuni itaishi au itakufa, na hana haraka. Anaweza kukubali kwamba programu inasaidia na bado akakataa kuilipia.

Angalia Pear Therapeutics ya Boston, Marekani. Septemba 2017 programu yake ya kutibu uraibu, reSET, iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ya kwanza ya aina yake kutambuliwa kama tiba inayoandikwa na daktari. Desemba 2018 ikafuata reSET-O kwa walio kwenye matibabu ya uraibu wa dawa za jamii ya afyuni. Machi 2020 ikaja Somryst ya kukosa usingizi. Bidhaa tatu, idhini tatu. Desemba 2021 kampuni ikaingia soko la hisa la Nasdaq ikiwa imethaminiwa takriban dola bilioni 1.6. Mwaka mzima wa 2022 iliingiza dola milioni 12.7 tu. Aprili 2023 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na mwezi uliofuata mali zake zikapigwa mnada kwa takriban dola milioni 6 zote kwa pamoja.

Mkurugenzi wake mkuu aliandika waziwazi wakati wa kuaga: madaktari wameonyesha wako tayari kuiandika, wagonjwa wanaitumia, inaleta nafuu, lakini walipaji wana uwezo wa kukataa kulipa. Maneno hayo ningependa kila mteja wangu ayasome kabla hajanifungulia simu yake. Kuhusu tiba, yule muuguzi angekuwa sahihi kwa asilimia mia. Fedha zake zingepotea vilevile.

Kinachouma zaidi ni kwamba mlango wa malipo ulikuja kufunguka. Januari 2025 Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, ilianza kutumia vipengele vya kuwalipa watoa huduma kwa vifaa vya kidijitali vya tiba ya akili. Pear haikuwepo kufaidi. Kwa hiyo hata ukiwa sahihi kuhusu mwelekeo wa dunia, kampuni uliyoinunua inaweza isifike huko.

Msiseme hayo ni ya Marekani tu. Uingereza, Februari 2006, NICE, taasisi inayoshauri huduma ya afya ya nchi hiyo itumie tiba zipi, ilipendekeza programu iitwayo Beating the Blues kwa sonona ndogo na ya kati. Ilitajwa kwa jina. Mmiliki wake, Ultrasis, alikuwa kwenye soko la hisa la London, na hisa yake ikiuzwa kwa peni chache. Wawekezaji wadogo waliiona kama bahati iliyodondoka. Mwekezaji gani asingefurahi? Serikali imeitaja bidhaa yako kwa jina. Lakini Oktoba 2009 mwongozo mpya wa sonona ulichukua nafasi ya pendekezo lile, na safari hii NICE ilishauri tiba ya fikra na tabia kwa kompyuta kwa ujumla wake, bila kuitaja bidhaa. Jina likaondoka. Na wakati huohuo palikuwa na MoodGYM ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, iliyotolewa bure. Uza sasa kitu ambacho chuo kikuu kinakigawa.

Kisha mwaka 2015 jarida la tiba la BMJ likachapisha utafiti wa wagonjwa 691 wa sonona nchini Uingereza. Waliopewa Beating the Blues au MoodGYM juu ya matibabu yao ya kawaida hawakuwa na nafuu zaidi, baada ya miezi minne, kuliko waliotibiwa kawaida tu. Sababu iko humohumo: Beating the Blues ina vipindi 8, na nusu ya waliopewa hawakuvuka kipindi cha pili. Mtu mwenye sonona hana nguvu ya kuamka kitandani, na programu inamtaka afungue kompyuta na kufanya mazoezi peke yake. Programu ileile iliyong'ara kwenye majaribio ya mwanzo ilikwama ilipofika kwa watu wa kawaida, na bima inayolipa inasoma tafiti hizo kabla yako.

Ujerumani walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya 2019 inazilazimisha bima za afya za umma kulipia programu zilizoorodheshwa, na za kwanza ziliingia kwenye orodha mwaka 2020. Huko mlipaji yupo. Ila mwaka wa kwanza kampuni inajipangia bei, baada ya hapo bei inajadiliwa na bima. Mwekezaji aliyepiga hesabu kwa bei ya mwaka wa kwanza amejidanganya.

Nawaomba wateja wangu kitu kimoja, na nitaendelea kukiomba hata wakichoka kunisikia: kabla ya kununua, andika kwa mkono, kwa sentensi moja, nani anailipa kampuni hii, kiasi gani, kwa mkataba upi. Usiandike "watu wenye sonona". Taja mlipaji. Kama sentensi haikamiliki, hujawa tayari. Muuguzi wangu alikaa na kalamu dakika kadhaa, akairudisha mezani. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Na nisieleweke vibaya kuhusu tiba yenyewe. Kama wewe au mwanao mnapata nafuu kwa programu ya namna hii, endeleeni nayo. Kama hali ni nzito, nendeni hospitali ya Bugando au Sekou Toure mkaonane na watu. Hilo ni jambo la afya yenu, na halina uhusiano wowote na hisa.

"Kompyuta haidai mshahara, kwa hiyo kila anayejiunga ni faida tupu."

Programu ikiachwa peke yake watu wanaitelekeza. Tafiti zimeonyesha mara nyingi kwamba matokeo ni bora pale panapokuwa na mtu wa kumfuatilia mgonjwa, kumpigia simu, kumjibu ujumbe. Mtu huyo analipwa. Ongeza gharama za majaribio ya kitabibu, za kupata idhini, na za watu wanaozunguka kuwashawishi madaktari na bima. Woebot, programu maarufu ya kuzungumza na mgonjwa, ilifungwa 30 Juni 2025, na mwanzilishi wake alitaja ugumu na gharama za kukidhi masharti ya FDA. Watumiaji ilikuwa nao wengi.

"Hisa ni senti arobaini tu. Itashuka iende wapi?"

Mzee mmoja wa mabondo aliniambia hivi, na namshukuru kwa kuniamini kabla ya kutuma hela. Nilimjibu, "Mzee wangu, inashuka hadi sifuri, na kutoka senti arobaini hadi sifuri unapoteza fedha zote sawasawa na aliyenunua kwa dola kumi."

Bei ya hisa moja haikuambii kampuni ni rahisi au ghali. Wewe unajua dagaa: gunia likipimwa kwa visado au kwa vikopo, udogo wa kikopo haujashusha bei ya gunia. Hapa kwetu watu waliona CRDB ni rahisi ilipouzwa kwa shilingi 150 mwaka 2009, wakaona NMB ni ghali kwa shilingi 600 mwaka 2008. Lakini NMB ina hisa milioni 500, na CRDB leo ina zaidi ya bilioni 2.6. Zidisha bei kwa idadi ya hisa ndipo uanze kulinganisha.

Akili Interactive ilitengeneza mchezo wa video wa kutibu watoto wenye tatizo la umakini, EndeavorRx, ulioidhinishwa na FDA Juni 2020. Iliingia Nasdaq Agosti 2022 kwa kuungana na kampuni isiyo na biashara yoyote ila fedha za wawekezaji, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa dola 10. Mwaka 2024 yote ikanunuliwa na kampuni nyingine kwa senti 43 na kitu kwa hisa, jumla takriban dola milioni 34. Aliyeisubiri irudi kwenye dola 10 alilipwa hizo senti, na habari ikaisha.

Pia kampuni inayopata hasara inaishi kwa kuuza hisa mpya. Tuseme ina dola milioni 60 benki na kila mwezi inatumia milioni 5 zaidi ya inavyoingiza: ina miezi 12. Ikifika mwezi wa nane itatafuta fedha, na anayezitoa ndiye atakayepanga bei. Kama zilikuwepo hisa milioni 100 na zikatolewa nyingine milioni 100, asilimia moja yako imekuwa nusu asilimia, na wewe hujauza chochote. Hesabu hii inatoka kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Ni ukurasa mmoja. Usomeni huo kabla ya taarifa ya habari yenye picha za wagonjwa wanaotabasamu.

"Basi kampuni zote za namna hii ni za kufa."

Hapana. Talkspace iliingia sokoni 2021 na hisa yake ikaporomoka hadi chini ya dola moja. Ikaacha kumtegemea mtu mmoja mmoja anayelipa mfukoni, ikahamia kwenye malipo ya bima, na 2024 ilifunga mwaka na faida ndogo. Tofauti ni kwamba yenyewe inamuunganisha mgonjwa na mtaalamu wa kweli kupitia simu. Lakini angalieni kilichoiokoa: ilibadilisha mlipaji.

"Kuna kijana anatununulia, tunamtumia kwa simu."

Kampuni ya tiba ya akili kwa kompyuta haipo kwenye orodha ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Kwa hiyo mtu akikwambia amekununulia kwa kukutumia namba ya malipo kwenye kundi la simu, muulize amenunua soko gani, kupitia dalali yupi, na hisa zimeandikwa kwa jina la nani. Hisa za DSE zinakaa kwenye akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kuhifadhia hisa, yenye jina lako, na unaweza kuzinunua mwenyewe kwa programu ya simu ya Hisa Kiganjani. Za nje ya nchi zina mlolongo wake, zikiwemo kanuni za Benki Kuu kuhusu fedha za kigeni, na dalali mwenye leseni atakueleza hatua kwa hatua. Waliowahi kupoteza fedha kwenye upatu wa DECI mwaka 2009 wanajua kwamba risiti nzuri na ahadi ya faida kubwa vinatengenezwa kirahisi.

Madalali na washauri wenye leseni wanasajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na majina yao yako kwenye tovuti yake. Angalieni jina la kijana wenu kama lipo, na langu mliangalie vilevile.