Je, wajua mwanga unaitambuaje sumu ndani ya tone la maji ya kisima?

Ukimulika leza kwenye maji yenye kiuatilifu, karibu mwanga wote unaotawanyika hubaki na rangi yake. Takriban chembe moja ya mwanga kati ya milioni 10 hutoka imebadilika rangi, kulingana na mitetemo ya molekuli iliyoigonga. Mwanafizikia C.V. Raman alilionyesha hilo India mwaka 1928. Kila molekuli ina mitetemo yake, hivyo ukiisoma umeitambua. Ila sumu ikiwa kidogo, dalili hiyo haionekani.

Mwaka 1974 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliona dalili ikipanda ajabu juu ya fedha iliyoparuzwa, madini yaleyale ya vidani. Maelezo yaliyokuja haraka ni kwamba uso wenye mikwaruzo una eneo kubwa, basi hunasa molekuli nyingi. Sivyo. Mwaka 1977 makundi mawili ya watafiti yalipiga hesabu yakakuta dalili ya kila molekuli imeongezeka mara 100,000 au zaidi. Hakuna mikwaruzo inayoongeza eneo kiasi hicho.

Siri ni mwanya. Upepo wa bahari ukibanwa kwenye uchochoro kati ya maghorofa mawili ya Kariakoo, huvuma kwa nguvu kuliko barabarani. Vivyo hivyo, mwanga ukizitikisa elektroni za chembe mbili za fedha zilizoachana nanomita moja au mbili (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyozizunguka, hujibana pale katikati. Uga ukikua mara 10, dalili hukua takriban mara 10,000! Molekuli iliyo nanomita chache nje ya mwanya hukosa karibu yote hayo.

Ili kupima, chembe hizo za fedha huchanganywa na maji ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi ndiyo inayozisogeza karibu, kwa kuupunguza msukumano wa chaji zao. Chumvi ikizidi, au ukichelewa kupima, chembe hugandamana na kuzama. Kwa hiyo sampuli moja ikikorogwa kwa mkono hutoa majibu tofauti.

Chipu, kibao kidogo chenye vijifereji vya upana wa sehemu ya kumi ya milimita, huondoa bahati nasibu hiyo. Humo mikondo miwili hutiririka sambamba bila kuvurugana, chumvi ikipenya taratibu kutoka mmoja kwenda mwingine. Leza ikielekezwa umbali uleule kutoka makutano, kila sampuli hupimwa baada ya muda uleule wa kuchanganyika.

Thiramu, dawa ya kuvu yenye salfa, hushikana vizuri na fedha, ndiyo maana majaribio mengi huitumia. Sumu isiyoshikana na fedha haiufikii mwanya kwa urahisi, na katika maji ya kisima mabaki ya udongo na majani huweza kuiwahi nafasi hiyo.