Gitaa langu la kwanza la umeme lilikuwa bovu wapi hasa?

Wateja wangu wengi hapa Mwanjelwa wakileta gitaa la bei chee huanza na mbao. "Fundi, hili si plaiwudi tu?" Wanauliza kwa unyonge, kana kwamba nikijibu ndiyo basi habari imeisha. Huwa nawaonyesha langu pale ukutani: jekundu, kichwani halina jina, lilivushwa Tunduma ndani ya shangazikaja. Ni plaiwudi kuanzia kitako hadi pembeni. Juzi nimelishusha, nikalifungua lote na kulipima kama ninavyolipima la mteja, bila kulionea huruma. Lina ubovu, tena mwingi, ila haupo pale watu wanapoutafuta.

Mbao niimalize haraka. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga nguvu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya na kwenda kwenye amplifaya. Weka uzi wa nailoni pale uone: kimya. Mbao ina mchango, sikatai, lakini kwa gitaa la mwanafunzi mchango huo umefunikwa na makosa makubwa mno kiasi kwamba kuujadili ni kupoteza muda. Nimeshachonga kiwiliwili cha mninga. Kinapendeza kweli, na mahubiri yakirefuka bega linajua uzito wake.

Ugonjwa mkubwa wa gitaa langu ulikuwa kwenye nati, yaani kile kipande cheupe kati ya kichwa na shingo ambacho nyuzi zinapita kwenye mifereji yake. Nilikuwa natyuni nyuzi wazi na kinanda cha kwaya, zinakubaliana vizuri kabisa. Nikishika kodi ya F, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopandwa kwenye shingo), zote zinapanda juu ya kinanda. Nikienda freti ya saba huko, mambo yanatulia. Kiongozi wa kwaya aliamini sikio langu ndilo lenye kasoro, na waimbaji wa sauti ya pili wakamuunga mkono kwa macho.

Sababu yake ni hii. Uzi ukiwa juu sana ya freti, unapoubonyeza unauvuta, na uzi uliovutwa sauti yake inapanda. Karibu na nati ndipo inapouma zaidi, kwa kuwa kipande cha uzi kilichobaki upande ule ni kifupi na hakina pa kulegea. Nilipopima kwa fila geji, zile mafundi magari wanazopimia tapeti, uzi wa tano ulikuwa zaidi ya milimita moja juu ya freti ya kwanza. Mimi nautaka karibu nusu ya hapo, na nikiubonyeza kwenye freti ya tatu, juu ya freti ya kwanza ubaki upenyo wa unywele tu. Kiwandani hawashindwi kuchimba mfereji. Ila kuchimba kwa kupima uzi mmoja mmoja kunakula dakika za mtu, na gitaa la bei ile halina dakika za kuliwa.

Nati mpya nimeitengeneza kwa mfupa wa ugoko wa ng'ombe. Mwenye bucha alinipa bure baada ya kucheka sana. Unachemsha mpaka mafuta yatoke, unaanika, unakata kwa msumeno wa chuma, halafu unakaa na tupa. Mfereji uinamie upande wa kichwa kidogo, ili uzi uondokee ukingoni kabisa pale mbele. Ukiondokea katikati ya mfereji unalia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Kazi hiyo ilipoisha, zile funguo za kutyunia ambazo miaka yote nilizilaani kwa kushindwa kushika zilionekana kuwa nzima. Uzi ulikuwa unang'ang'ania kwenye mfereji mbaya, kisha unaachia ghafla katikati ya wimbo.

Mngurumo nao. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inauokota mngurumo huo kutoka kwenye taa za tyubu, transfoma, chochote kilicho jirani. Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliutafutia dawa mwaka 1955 kwa kuweka koili mbili zinazopingana, mngurumo ukajiua wenyewe. Gitaa la koili moja lina dawa yake ndogo: waya wa athi unaounganishwa na nyuzi, ndiyo maana ukizigusa kelele inapungua. Langu halikupungua hata nikizikumbatia. Nilipofungua mgongo nikauona waya wenyewe: risasi ya kulehemu imekaa juu ya kile chuma kinachoshika springi, inang'aa, wala haijashika. Nikaukwangua mahali pale kwa msasa, nikapasha chuma chenyewe moto kwanza, risasi ikatambaa. Kazi ya dakika tano. (Ukipigwa shoti ya mdomo kwenye maikrofoni huku umeshika gitaa, usilishike gitaa uchawi. Angalia athi ya nyumba, na kama amplifaya na mixa zimechomekwa soketi tofauti.)

Freti zilikuwa mahali pake. Mashine inakata mifereji yote kwa vipimo vile vile hata kwenye gitaa la bei ya kutupa. Shida yake ilikuja na kiangazi. Kuanzia Juni hewa ya Mbeya inakauka, mbao ya shingo inasinyaa, chuma hakisinyai, basi ncha za freti zinatokeza pembeni na kukwaruza kiganja. Nimezipiga tupa mara moja, hazijarudi.

Sasa ubovu usiotengenezeka. Umbo la gitaa langu limeigwa Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender la mwaka 1954, na kwa kipimo hicho urefu wa uzi ni milimita 648. Freti ya 12 inakaa nusu kamili, 324 kutoka kwenye nati. Kutoka hapo hadi kwenye daraja, kile chuma cha kwenye kiwiliwili ambacho nyuzi zinakalia, panatakiwa pawe 324 na ziada kidogo, hasa kwa nyuzi nene, kufidia ule mvuto wa kubonyeza. Kwenye gitaa langu daraja limefungwa mbele mno. Kitandiko cha uzi wa sita, yaani kile kipande kidogo cha daraja kinachobeba uzi huo, nimekirudisha nyuma mpaka kikagota, nikatoa springi yake, kikagota tena, na bado freti ya 12 inapanda. Daraja lenyewe silisogezi, kwa sababu lina kipande cha chuma kinachopita ndani ya tundu la kiwiliwili. Ukilirudisha nyuma inabidi uchimbe tundu upya. Hapo ndipo plaiwudi inapodai haki yake: nyuzi sita zinavuta karibu kilo 40 kwa pamoja, na skrubu iliyowahi kutolewa kwenye matabaka yale hairudi ikashika kama mwanzo.

Kwa hiyo ukienda dukani chukua futi kamba. Pima nati hadi freti ya 12, halafu freti ya 12 hadi daraja. Ya pili ikiwa fupi kuliko ya kwanza, liache. Mengine yote yanatengenezeka, na hilo tumshukuru Leo Fender, ambaye gitaa hakujua kulipiga. Alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, akafunga shingo kwa skrubu nne ili itolewe na kurudishwa. Kwa mpango huo nimeweza kuinua pembe ya shingo ya langu kwa kipande cha kadi ya vocha.

Wanaoliona benchini huuliza kama nitaliwekea pikapu mpya. Zilizopo ni za sumaku ya seramiki, ile ya bei rahisi, na sauti yake ni kali. Kwa bluzi ingenikera. Lakini huku kwetu solo ya kwaya ni sebene, inataka sauti kavu inayopenya katikati ya vinanda viwili na ngoma, na pikapu ya nyuma inafanya hivyo bila kuombwa. Sizigusi.