“Wakubwa Wanauficha”: Dhana Potofu Kuhusu Umeme wa Bure

Umeme ukikatika mara mbili tatu ndani ya wiki moja, wateja wananiletea video ileile dukani kwangu, eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Mota imefungwa mkanda na altaneta (kifaa kinachozalisha umeme kikizungushwa), altaneta inairudishia mota umeme, na pembeni balbu inawaka. Kisha linakuja neno ambalo limenichosha kuliko yote: “Fundi, hiki kitu kipo, ila wakubwa hawataki tukijue.” Nimelijibu kwa mdomo vya kutosha. Naliandika sasa kwa sababu watu wanatoa hela za vikoba kununua mashine hizi, na hela hizo hazirudi.

Mashine kwanza. Mota nzuri ya kawaida inageuza kama asilimia 85 ya umeme kuwa mzunguko. Kinachobaki kinapotea, kingi kikiwa joto, ndiyo maana mota ikifanya kazi kwa muda huwezi kuishika. Altaneta tuipe asilimia 80, na hapo tumeipendelea. Ukiingiza wati 1,000, zinarudi 680. Raundi ya pili zinabaki 462, ya tatu 314, na bado hujawasha balbu hata moja. Ni kama ndugu wawili wanaotumiana elfu kumi ileile kwa simu kutwa nzima: kila ikivuka inamegwa na makato, na hakuna atakayetajirika. Sumaku kubwa hazibadilishi hesabu hiyo. Gurudumu zito nalo linatunza tu nguvu iliyotiwa mwanzoni kwa mkono au kwa betri. Linachelewa kusimama, basi mtazamaji anaamini linajizalishia.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilitangaza kwamba haitachunguza tena mashine za kujiendesha milele, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kuwa shughuli hiyo ilikuwa imefilisi familia. Familia, jamani, miaka 250 iliyopita.

Haya, tuje kwa hao wakubwa. Wakubwa gani? Tanzania inanunua nje petroli na dizeli yake yote. Meli zinashusha hapa hapa Kurasini na Kigamboni, na zinalipwa kwa fedha za kigeni. Japani inaagiza karibu mafuta yake yote. Nchi kama hizi zikipata mashine ya kuzalisha umeme bila mafuta, bila maji na bila jua, zitaificha kwa faida ya nani? Tungekuwa nayo, tusingehangaika kujenga bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye mitambo tisa na megawati 2,115.

Watafiti nao hawakimbii mambo ya ajabu, wanayakimbilia. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, kule Uswisi, walipata kauri inayopitisha umeme bila ukinzani, yaani bila kupotea njiani, katika joto la juu kuliko wengi walivyoamini inawezekana, ingawa bado ni baridi kali. Maabara nyingine zikarudia jaribio, likakubali, na mwaka 1987 wawili hao wakapewa Nobel. Mwaka 1989 Pons na Fleischmann, kule Utah, Marekani, wakatangaza kwamba wamepata muungano wa nyuklia (viini vya atomi kuungana na kutoa nishati) ndani ya chombo cha mezani. Hakuna aliyewaziba mdomo. Ndani ya wiki chache maabara za nchi nyingi zilikuwa zinajaribu kurudia, na nyingi hazikupata kitu. Kilichowatenganisha watu hawa ni kwamba jaribio la kwanza lilirudiwa likakubali, la pili likagoma.

Je, uvumbuzi wa kweli wa nishati unaweza kupita bila watu kuutambua? Unaweza, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini hauzimwi na wakubwa. Kwanza unazimwa na matapeli. John Keely alichangisha wawekezaji Philadelphia kwa miongo kadhaa kwa ajili ya mota yake ya ajabu; alipokufa mwaka 1898, chini ya nyumba yake kulikutwa tufe kubwa la chuma la kuhifadhia hewa yenye mgandamizo. Stanley Meyer alinadi kifaa cha kuendesha gari kwa maji, na mwaka 1996 mahakama ya Ohio ikaamua kuwa ni ulaghai na kumwamuru arudishe fedha. Watu wakishatapeliwa hivyo, kijana atakayekuja na kitu cha kweli atasikilizwa na nani?

Pili unazimwa na vipimo vibovu. Mita ya bei nafuu imetengenezwa kwa wimbi laini la umeme wa gridi. Ukiipa umeme unaokatwakatwa, inasoma uongo. Wengine wanapima volti bila mzigo, yaani bila kifaa kinachotumia umeme, na kutangaza ushindi, kumbe ampia hakuna, umeme hautiririki. Na betri ya risasi ukiipumzisha, volti zake zinapanda zenyewe bila kuingiziwa chochote. Nimeona watu wazima wakishangilia jambo hilo kama muujiza. Tatu, mvumbuzi mwenyewe anafunga boksi kwa rivet na hataki liguswe.

Kwa hiyo dawa yangu ni moja, na naishikilia. Weka boksi lisilozidi kilo 20 juu ya meza ya mbao, chumba kifungwe, waya usiingie popote. Liwashe balbu ya wati 100 mfululizo kwa siku 30. Hizo ni uniti 72. Kwa betri za risasi ungehitaji karibu tani mbili, kwa lithiamu zaidi ya kilo 300, na jenereta ya petroli ingejulikana kwa moshi na kelele. Boksi likipita hapo, hakuna profesa wala kampuni ya mafuta itakayoweza kulikataa. Siri ya ndani abaki nayo mvumbuzi. Sihitaji kufungua kitu ili kuona balbu inawaka.

Mengine nayajibu kwa kifupi.

“Tesla alishaupata.” Mnara wa Wardenclyffe wa mvumbuzi huyo, Nikola Tesla, kule Marekani, ulioanza kujengwa mwaka 1901 na kubomolewa mwaka 1917, ulikusudiwa kusafirisha mawasiliano na umeme bila waya. Kusafirisha siyo kuzalisha. Nyaraka zake ziko makumbusho ya Belgrade.

“Ana hataza, kwa hiyo kinafanya kazi.” Hataza (patent, hati ya kulinda uvumbuzi) inalinda wazo jipya, haithibitishi kwamba balbu iliwaka. Meyer alikuwa nazo kadhaa. Tena hataza huchapishwa wazi, sasa kitu kitafichwaje humo?

“Wasomi wanamdharau asiye na cheti.” Dharau ipo, sikatai, na inaniudhi. Lakini Faraday alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, na kazi yake ndiyo msingi wa kila jenereta. William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada, akaunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu, na dunia ikamtambua. Kinu chake kilikula upepo, na kila mtu aliuona ukikizungusha. Ukiwa na chako, kipeleke COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) Kijitonyama, au DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), au Chuo Kikuu Mlimani, kikapimwe kwa mita ya maana.

“Kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinapunguza uniti za LUKU.” Ndani kuna kapasita (kidude cha kutunza chaji kidogo) na taa ya kijani. Mita ya nyumbani inahesabu umeme unaotumika kweli, na kapasita haiugusi huo. Ukitaka uniti zikae, badilisha mpira wa mlango wa friji uliolegea, na nguo za wiki nzima zipige pasi kwa mkupuo mmoja.