Kima cha chini cha mshahara: kupungua kwa ajira si sawa na kuongezeka kwa ukosefu wa ajira

Kila serikali inapotangaza kima kipya cha chini cha mshahara, sentensi ileile hurudi kwenye vichwa vya habari na vinywani mwa wachambuzi: kwamba sheria hiyo itaongeza ukosefu wa ajira. Upande wa pili hujibu upesi kwamba utafiti umekwisha kuonyesha kuwa haiongezi. Wote wawili hudhani wanabishania jambo moja, ilhali mara nyingi mmoja anazungumzia idadi ya kazi zilizopo na mwingine idadi ya watu wanaozitafuta, na takwimu anazozitoa huyu hazigusi kabisa hoja ya yule.

Kima cha chini chenyewe hakihitaji maelezo marefu. Ni kiwango ambacho kisheria mwajiri haruhusiwi kumlipa mfanyakazi pungufu yake, kiwe kimehesabiwa kwa saa, kwa siku au kwa mwezi, na kiwe kimoja kwa nchi nzima au kimegawanywa kwa sekta. New Zealand ilifungua njia mwaka 1894, jimbo la Victoria nchini Australia likafuata mwaka 1896, Uingereza ikaanzisha bodi zake za mishahara mwaka 1909, na Marekani ikaweka kima cha shirikisho mwaka 1938, senti 25 kwa saa. Mpaka hapo hakuna anayebishana na mwenzake.

Kinachobishaniwa bila kufafanuliwa ni huo ukosefu wa ajira. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, ambavyo ofisi nyingi za takwimu huvifuata, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira akitimiza masharti matatu kwa pamoja: awe hakufanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja katika wiki inayoulizwa, awe amechukua hatua ya kutafuta kazi katika siku za karibuni, na awe tayari kuianza akiipata. Aliyeachishwa kazi, akakata tamaa na kuacha kutafuta, hamo katika hesabu hiyo. Huhamia kimyakimya kwenye kundi la walio nje ya nguvukazi, yaani wasio kazini wala hawatafuti kazi, pamoja na wanafunzi, wastaafu na wanaolea watoto nyumbani. Kiwango cha ukosefu wa ajira, basi, hupatikana kwa kugawa idadi ya wanaotafuta kazi kwa jumla ya wanaotafuta na walio kazini. Asilimia hiyo inaweza kupanda kwa sababu kazi zimepungua, na inaweza kupanda vilevile kwa sababu watafutaji wameongezeka. Sheria ya kima cha chini huweza kusukuma pande zote mbili za hesabu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mchele na chuya.

Tuchukue watu wazima 1,000, ambao 600 kati yao wako kazini, 40 wanatafuta kazi na 360 hawana habari nayo. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 40 kwa 640, yaani asilimia 6.25. Kima cha chini kinapandishwa, na tuseme hakuna hata mwajiri mmoja anayepunguza watu, lakini mshahara mpya unawavutia 60 kati ya wale waliokuwa wamekaa pembeni, nao wanaanza kupeleka maombi. Walio kazini bado ni 600, watafutaji sasa ni 100, na kiwango kimeruka hadi asilimia 14.3 bila kazi moja kupotea. Sasa tugeuze hesabu hiyo. Kima kinapandishwa, waajiri wanaachisha watu 30, na hao 30, pamoja na wengine 10 waliokuwa wakitafuta tangu mwanzo, wanaona hakuna tumaini na kuacha kabisa. Walio kazini ni 570, watafutaji ni 30, na kiwango kimeshuka hadi asilimia 5. Mtetezi wa sheria angeweza kusimama na tarakimu hiyo mkononi akisema ukosefu wa ajira umepungua, na kwa tafsiri ya kitakwimu angekuwa amesema kweli, huku watu 30 wakiwa wamepoteza riziki yao. Mfano huu ni wa kubuni na nimeutilia chumvi makusudi, lakini hesabu zake hazina hila.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba tofauti hii imo katika mchoro uleule ambao kila mwanafunzi wa uchumi huuchora katika muhula wake wa kwanza. Mstari wa mahitaji ya wafanyakazi unashuka, mstari wa ugavi unapanda, na mshahara wa kisheria unawekwa juu ya pale mistari inapokutana. Pengo kati ya mistari hiyo miwili kwenye mshahara huo huitwa ukosefu wa ajira. Lakini pengo hilo lina vipande viwili: upande wa kushoto wa makutano wako wale ambao waajiri hawawahitaji tena kwa mshahara huo, na upande wa kulia wako wale ambao wasingeitaka kazi kwa mshahara wa zamani na sasa wanaitaka. Kipande cha kushoto peke yake ndicho kazi zilizopotea. Mwanafunzi hulipima pengo lote, hulipa jina moja, na baada ya miaka kadhaa huonekana kwenye televisheni akilitaja pengo zima kama hasara ya ajira. Tena hiyo ni kwa mujibu wa mchoro wa soko lenye ushindani kamili, yaani lenye waajiri wengi ambao hakuna kati yao anayeweza kuamua mshahara peke yake, ambao mwanauchumi George Stigler aliutumia mwaka 1946 kuipinga sheria ya kima cha chini. Mwaka 1933 mwanauchumi mwenzake Joan Robinson alikuwa ameshaeleza hali ya soko ambalo mwajiri ni mmoja, au wachache, na ana uwezo wa kuamua mshahara. Katika soko la namna hiyo kima cha chini kikiwekwa kwa kiasi kinaweza kuongeza ajira, kwa kuwa mwajiri alikuwa akijizuia kuajiri ili asilazimike kumpandishia kila mtu.

Kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kinaweza kupanda bila kazi kupungua si uchokozi wa mwandishi anayependa mahesabu. Mwaka 1970 wanauchumi John Harris na Michael Todaro walichapisha modeli iliyojengwa juu ya hoja hiyo, wakiwa na Afrika ya kitropiki akilini. Mshahara wa mjini umewekwa kisiasa juu ya kipato cha shambani. Mtu wa shambani halinganishi mishahara hiyo miwili moja kwa moja, bali huuzidisha mshahara wa mjini kwa uwezekano wa kuupata. Ikiwa mshahara wa mjini ni mara mbili ya kipato cha shamba, watu wataendelea kuhamia mjini mpaka uwezekano wa kupata kazi ushuke hadi nusu, na hapo ndipo safari zitakapokoma. Jambo linaloshangaza wanafunzi ni matokeo yake: kuongeza nafasi za kazi mjini, bila kugusa chochote shambani, kunaweza kuongeza idadi ya wasio na ajira, kwa kuwa kila nafasi mpya huwavuta zaidi ya mmoja. Katika modeli hiyo ajira na ukosefu wa ajira hupanda pamoja. Anayetumia dhana hizo kana kwamba moja ni kinyume cha nyingine hana njia ya kulielezea hilo.

Tukirudi kwenye utafiti unaotajwa kuliko wote, ule wa wanauchumi David Card na Alan Krueger uliochapishwa mwaka 1994, inafaa kuuliza walipima nini. Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwezi Aprili 1992, huku jirani yake Pennsylvania ikibaki palepale. Watafiti hao waliihoji migahawa 410 ya vyakula vya haraka katika pande zote mbili za mpaka, kabla ya ongezeko na miezi kadhaa baadaye, wakahesabu wafanyakazi kwa kila mgahawa, wale wa saa chache wakihesabiwa kuwa nusu. Hawakuona ajira ikishuka New Jersey ikilinganishwa na upande wa pili. David Neumark na William Wascher walipoijibu kazi hiyo mwaka 2000 kwa kutumia kumbukumbu za malipo ya mishahara, waliona ajira imeshuka. Card na Krueger wakajibu kwa data nyingine za serikali, na mjadala ukaendelea. Card alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, na tangu hapo wapo wanaosema Nobel imethibitisha kuwa kima cha chini hakileti ukosefu wa ajira. Mwamba ngoma huvutia kwake. Dodoso la migahawa lilihesabu watu waliokuwa nyuma ya kaunta. Halikumhesabu aliyesimama nje ya mlango na barua ya maombi, wala halikukusudia kumhesabu. Utafiti huo unazungumzia ajira katika sekta moja kwa ongezeko la kiasi fulani, na unalizungumzia hilo vizuri sana. Juu ya kiwango cha ukosefu wa ajira cha jimbo haukusema kitu.

Si utafiti huo tu. Kazi kubwa ya Cengiz, Dube, Lindner na Zipperer ya mwaka 2019, iliyochunguza mabadiliko 138 ya vima vya majimbo ya Marekani kati ya 1979 na 2016, ilihesabu kazi zilizotoweka chini ya kima kipya na zile zilizojitokeza juu yake kidogo, ikakuta zinakaribia kulingana. Hapo pia kinachohesabiwa ni kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walioichunguza Seattle, mji wa Marekani wenye kima chake wenyewe, baada ya kima hicho kufika dola 13 mwaka 2016 waliripoti kwamba saa zilizofanywa katika kazi za mshahara mdogo zilipungua kwa karibu asilimia 9. Saa! Mtu aliyekuwa akifanya kazi saa 40 kwa wiki akapunguziwa hadi 32 bado ana ajira katika kila jedwali, na hata akibakiwa na saa moja tu bado anahesabiwa kuwa kazini. Matokeo hayo yalibishaniwa sana, na yana haki ya kubishaniwa, ila si kwa kuonyesha kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira cha Seattle kilikuwa chini, kwani hilo halikuwa dai lao.

Kwa upande wa wapinzani, tarakimu inayopendwa ni ile ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani, iliyokadiria mwezi Februari 2021 kwamba kima cha dola 15 ifikapo 2025 kingepunguza ajira kwa watu milioni 1.4. Wengi waliinukuu kama ongezeko la wasio na ajira la milioni 1.4. Ripoti yenyewe ilikuwa makini kuliko wanukuzi wake: ilieleza kwamba nusu ya watu hao wangeondoka kabisa kwenye nguvukazi. Kwa maneno mengine, hata kama makadirio yangetimia barabara, nusu ya hasara isingeonekana katika kiwango cha ukosefu wa ajira, na atakayekuwa akikikodolea macho kiwango hicho angehitimisha kwamba madhara yalikuwa madogo kuliko yalivyotabiriwa.

Katika nchi ambazo sehemu kubwa ya watu hujiajiri au hufanya kazi zisizo rasmi, kipimo hicho huwa dhaifu zaidi. Anayetolewa kiwandani kwa sababu ya gharama za mishahara hana akiba ya kukaa miezi akitafuta kazi nyingine. Kesho yake atauza, atabeba au atalima, na karani wa takwimu akipita atamwandika kuwa ana kazi. Huko sheria inaweza kupunguza ajira rasmi, kushusha kipato cha walioangukia kwenye sekta isiyo rasmi kwa kuwa wamekuwa wengi, na bado kiwango cha ukosefu wa ajira kisitikisike.

Hivyo anayeogopa kwamba waajiri watapunguza watu na aseme ajira itapungua, na ikiwa anachohofia ni saa za kazi, au ajira rasmi, au kasi ya kuajiri wapya, basi ataje hicho, maana kila kimoja kina kipimo chake na ushahidi wake. Anayeitetea sheria naye aache kutaja Ujerumani, iliyoanza na kima cha euro 8.50 kwa saa mwezi Januari 2015 na kushuhudia ukosefu wa ajira ukiendelea kushuka miaka iliyofuata, kana kwamba kushuka huko ndiko jibu. Ulikuwa umeanza kushuka miaka mingi kabla ya sheria. Ushahidi mzuri zaidi anao, na ni wa ajira: ajira ndogondogo zisizo na bima kamili zilipungua mara moja mwanzoni mwa 2015, sehemu yake ikageuzwa kuwa ajira za kawaida zenye bima ya jamii, na baadhi ya wafanyakazi wa mishahara midogo walihamia kwenye kampuni zinazolipa vizuri zaidi. Hayo ndiyo ya kumwekea mpinzani mezani.