Tunavyopima joto la nyota za nyutroni zilizozeeka

Nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito mno kinachobaki nyota kubwa ikilipuka, ikiachwa ijipoee, haichelewi. Baada ya miaka milioni 10 hivi, hesabu zinataka uso wake uwe chini ya kelvini 10,000. Sasa chukua pulsa (nyota ya nyutroni inayozunguka na kutufikia kwa mapigo) iitwayo J0437−4715: ina umri wa mabilioni ya miaka, iko mbali nasi kama miaka-nuru 510, na inazunguka mara 173 kwa sekunde. Mwaka 2004 Kargaltsev, Pavlov na Romani walichapisha vipimo vya darubini ya Hubble: uso wake una kelvini kama 100,000. Kikongwe wa umri huo hakutarajiwa kuwa na homa.

Kupima ndiko kwenye kazi. Kitu chenye joto hilo hung'aa zaidi kwenye nanomita 29 hivi, na mwanga huo humezwa na hidrojeni iliyotapakaa angani kabla haujatufikia. Eksirei nazo zinapotosha, kwa sababu nyingi hutoka kwenye madoa madogo ya ncha za sumaku, yenye kelvini milioni na zaidi. Ukizitegemea hizo umepima doa, hujapima uso. Tunabakiwa na urujuanimno, nanomita 115 hadi 170, ambao ni mkia tu wa mwanga wenyewe. Huko nako hewa ya juu ya Dunia inatuingilia: hidrojeni inang'aa kwenye nanomita 121.6, oksijeni kwenye 130.4. Hubble ikiingia kivulini mwa Dunia oksijeni hufifia, na data za dakika hizo ndizo ninazoziamini.

J0437 ina bahati moja. Mwenzake, nyota kibete nyeupe (mabaki ya nyota ya kawaida) ya kelvini 4,000 hivi, huizidi kabisa kwa mng'ao kwenye mwanga wa kawaida, ila kwenye urujuanimno karibu hana lolote.

Shida ni kwamba kwenye mkia, kiasi cha mwanga hufuata joto mara mraba wa nusu-kipenyo cha nyota, gawanya kwa mraba wa umbali. Umbali wa J0437 tunaujua vizuri sana. Nusu-kipenyo ndicho kinachosumbua: ukikikosea kwa asilimia 10, joto nalo linapotoka kwa asilimia 20 hivi. Ongeza vumbi la njiani, na utaelewa kwa nini mwaka 2012 Durant na wenzake walitoa kelvini 125,000 hadi 350,000. Mwaka 2024 vipimo vya NICER, darubini ya eksirei iliyo kwenye kituo cha anga cha kimataifa, vilileta nusu-kipenyo cha kilomita 11.4.

Nani anaipasha moto? Wengi, nami nikiwemo, tunaelekea kwenye kiini: mzunguko ukipungua, kiini hubanwa zaidi, uwiano wa chembe huvurugika, na mmenyuko wa kuurekebisha hutoa joto. Wengine wanataja msuguano wa kiowevu-mno (kimiminika kinachotiririka karibu bila ukinzani) kilicho ndani ya gamba la nyota.

Ili kulipima wazo hilo la msuguano, naipenda zaidi pulsa nyingine, J2144−3933, ya miaka milioni 300 hivi, inayochukua sekunde 8.5 kuzunguka mara moja. Hubble iliitafuta isiione, na mwaka 2019 Guillot na wenzake wakatangaza kikomo: haizidi kelvini 42,000. Nadharia yoyote ya msuguano inayoipa joto zaidi ya hapo imeshakataliwa.